Mtu mmoja, majukumu matatu: majedwali yake mnayachoraje?

#1 Tandabui
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, na msiyafupishe.

Najenga mfumo wa shule. Nilichora majedwali matatu: mwalimu, mzazi na mjumbe_kamati. Kila moja lina jina, simu, barua pepe na anwani. Miezi kadhaa mambo yakaenda sawa. Sasa kuna mama mmoja anafundisha hisabati, ana watoto wawili wanaosoma hapo hapo, na tangu mwaka jana ndiye mweka hazina wa kamati ya wazazi. Kwenye databesi yangu mama huyu ni watu watatu. Alipobadilisha namba ya simu, karani aliirekebisha kwenye jedwali la walimu akajua kamaliza. Wiki iliyopita mtoto wake akaugua darasani. Ofisi ikafungua ukurasa wa mtoto, ikachukua namba ya mzazi, ikapiga mara nne. Haipatikani. Mama yuko vyumba vitatu kutoka pale, chaki mkononi.

Mtoto yuko salama, lakini jambo hili limenikaa rohoni. Mtu mwenye majukumu mengi anachorwaje kwenye majedwali?

#2 Nahodha77
Pole mkuu. Tengeneza jedwali moja la mtu, kisha weka kolamu za ndiyo na hapana: ni_mwalimu, ni_mzazi, ni_mjumbe. Simu inakaa sehemu moja tu. Asubuhi moja inatosha kumaliza kazi yote.

#3 Chapakazi
Nimeweka kambi hapa. Nina shida hiyo hiyo kwenye mfumo wa maktaba.

#4 BintiMantiki
Nahodha77, simu umeitibu, nakubali. Sasa tarehe ya ajira ya mwalimu unaiweka wapi? Ukiiweka kwenye jedwali la mtu, wazazi wote watakuwa na NULL hapo, yaani kisanduku kisicho na thamani. Ukiongeza masomo anayofundisha, namba ya mkataba na muhula wa mjumbe, nusu ya jedwali ni matundu. Na siku shule ikileta dereva, muuguzi na mlinzi, utaongeza kolamu tatu na kugusa msimbo kila mahali.

Kubwa zaidi ni kwamba ndiyo ikigeuka hapana, historia imefutika. Nani alikuwa mjumbe miaka miwili iliyopita? Hujui tena.

Tandabui, mimi huchora hivi:

mtu: id, jina, tarehe_kuzaliwa, simu
jukumu: id, jina
mtu_jukumu: mtu_id, jukumu_id, tarehe_mwanzo, tarehe_mwisho

Mama yako anakuwa na mstari mmoja kwenye mtu na mistari mitatu kwenye mtu_jukumu. Jukumu jipya likija unaongeza mstari, muundo hauguswi.

#5 Mzee wa Seva
Mmenikumbusha mfumo mmoja niliorithi. Jedwali la mtu lilikuwa na kolamu moja ya majukumu, ndani yake maneno yametenganishwa kwa mkato: "mwalimu,mzazi,mjumbe". Kwa macho inapendeza. Siku niliyotaka orodha ya wajumbe, nikatafuta kila palipo na neno "mjumbe", na "mjumbe_mstaafu" wote wakaingia. Barua za siri za kamati zikawafikia watu walioondoka zamani. Nilipiga simu kuomba radhi, mtu mmoja mmoja, siku nzima.

Codd, yule wa IBM aliyetutungia SQL (lugha ya kuulizia databesi), alishakataza mambo haya mwaka 1970. Kila kisanduku kiwe na thamani moja. Ukiweka orodha ndani ya kisanduku umejinyima kila msaada ambao databesi ingekupa.

#6 Jicho la Tatu
Mzee wa Seva, heshima yako, ila nikuweke sawa kidogo. Codd alitoa mfumo wa uhusiano, yaani wa kupanga data kwa majedwali, kwenye makala yake ya 1970, hilo sahihi. SQL hakuitunga yeye. Ni Donald Chamberlin na Raymond Boyce, pia wa IBM, na makala yao ya mwaka 1974 iliita lugha hiyo SEQUEL.

#7 Mzee wa Seva
Asante Jicho. Nimepokea.

#8 Nahodha77
BintiMantiki, dada yangu, ukiona NULL unapandisha presha. Shule ina watu wangapi? Mia chache. Kolamu za ndiyo na hapana zinasomeka na karani yeyote bila kumwita fundi. Nina mfumo umekimbia hivyo miaka sita, na watu wanautumia kila siku.

Kama kolamu zinakuudhi, tumia namba moja: mwalimu 1, mzazi 2, mjumbe 4, muuguzi 8. Mama wa Tandabui ni 7. Kolamu moja tu.

#9 BintiMantiki
Na mwenye 5 ni nani? Mwalimu na mjumbe. Wewe umejua kwa sababu ndiwe uliyeipanga. Karani wako "anayesoma kila kitu" akiona 5 ataelewa nini? Na faharasa ya kawaida (ile orodha ya kuharakisha utafutaji) haikusaidii kutafuta kila mwenye 4 ndani ya namba yake; databesi inapitia mistari yote. Kolamu zako za mwanzo zilikuwa bora kuliko hili.

#10 Fundi Kimya
Jedwali la mtu_jukumu ni zuri, ila BintiMantiki hujajibu swali uliloliuliza mwenyewe: namba ya mkataba ya mwalimu inakaa wapi? Kwenye mtu_jukumu itarudi kuwa NULL kwa wazazi.

Mimi huacha jedwali la mtu libaki dogo, kisha kila jukumu lenye taarifa zake linapata jedwali linaloazima ufunguo msingi wa mtu, yaani ile kolamu inayotambulisha kila mstari peke yake. Yaani mwalimu hana id yake. Ana mtu_id, ambayo ni ufunguo msingi na papo hapo ni ufunguo wa nje unaoelekea kwa mtu. Mama akiwa namba 41 kwenye mtu, ni 41 kwenye mwalimu na 41 kwenye mjumbe. Simu iko kwa mtu tu. Mkataba uko kwa mwalimu tu. Hakuna tundu hata moja.

Ukitaka kuhakikisha kwamba hakuna anayeingia jedwali la mwalimu bila kuwa na mstari wa ualimu kwenye mtu_jukumu, fanya ufunguo wa nje uwe wa kolamu mbili, mtu_id na jukumu, halafu kwenye jedwali la mwalimu weka CHECK, yaani sharti la kukagua, kwamba jukumu ni 'mwalimu' peke yake. Databesi yenyewe inalinda, humsubiri mwandishi wa programu akumbuke.

#11 Chapakazi
Fundi Kimya unaongea mara moja kwa mwaka, lakini ukiongea mtu anachukua kalamu.

#12 Utosi
Swali kwa Fundi: mwalimu akiacha kazi akarudi baada ya miaka miwili? Kwako mtu_id ni ufunguo msingi, kwa hiyo hawezi kuwa na mistari miwili. Mkataba mpya utafuta wa zamani. Na ukiweka tarehe_mwanzo kwenye ufunguo wa mtu_jukumu ili arudi kule, ule ufunguo wa nje wa kolamu mbili haukamati tena, kwa sababu mtu_id na jukumu peke yake si vya pekee tena.

#13 Fundi Kimya
Kweli. Hapo unahitaji jedwali la mkataba chini ya mwalimu, lenye tarehe zake.

#14 Dira
Nimesoma uzi wote na naona tunatumia neno "jukumu" kwa vitu vitatu ambavyo havifanani hata kidogo. Tukivitenga, majedwali yanajichora yenyewe.

Ualimu wa yule mama ni ajira. Ni makubaliano kati yake na shule, yana siku ya kuanza, yanaweza kukatika na kurudi. Ndiyo maana Utosi kamkamata Fundi: jambo lenye tarehe ni mkataba, na mwalimu ni jina tunalompa mwenye mkataba ulio hai.

Uweka hazina ni wadhifa. Wadhifa upo hata kiti kikiwa kitupu. Mweka hazina akijiuzulu leo, kamati bado ina nafasi ya mweka hazina, na kesho watu watauliza nani anaikaimu. Kwa mtu_jukumu ya BintiMantiki, kiti kitupu hakionekani kabisa, kwa sababu mstari unazaliwa pale tu mtu anapopatikana. Wadhifa unataka jedwali lake, halafu jedwali jingine la nani aliukalia kuanzia lini mpaka lini.

Uzazi ni uhusiano. Hakuna mtu aliye mzazi hivi hivi. Ni mzazi wa fulani. Ukiandika kwamba mtu 41 ana jukumu la mzazi, hujasema lolote ofisi inaloweza kulitumia mtoto akiugua. Andika mtu 41 ni mama wa mtu 212, na wa mtu 230. Uzazi wake unatokana na mistari hiyo miwili, na huna haja ya kuuandika tena popote. Ukiuandika mara mbili, siku moja vitapingana.

Tandabui, kosa la majedwali matatu lilianzia hapo. Uliona majina matatu ya watu, ukadhani ni aina tatu za watu.

#15 Jicho la Tatu
Dira, umenigusa. Peter Chen alipochora michoro yake ya vitu na mahusiano mwaka 1976, alieleza jukumu kama kazi ambayo kitu kinaifanya ndani ya uhusiano, na mfano wake ulikuwa ndoa: mume na mke ni majukumu ya watu ndani ya ndoa. Nje ya ndoa hakuna mume.

#16 BintiMantiki
Nakubali wadhifa na ajira. Uzazi sikubali wote. Mzazi anayekuja kuomba nafasi, mtoto bado hajasajiliwa, unamwekaje? Na mlezi aliyepewa mtoto kwa amri ya mahakama, na bibi anayemchukua mtoto kila jioni lakini hana ruhusa ya kusaini chochote? Ukitegemea uhusiano wa uzazi tu utawakosa watu ambao shule inawahitaji kila siku.

Tena mfumo wangu una aina kumi na mbili za majukumu. Kwa njia ya Dira nitakuwa na maumbo matatu tofauti na ripoti ya "watu wote na wanachofanya" itaunganisha majedwali sita. Jedwali moja la mtu_jukumu lina faida yake ya kuona kila kitu kwa jicho moja.

#17 Dira
Mtoto anayeombewa nafasi naye ni mtu, mpe mstari wake kwenye jedwali la mtu hata kabla hajawa mwanafunzi. Uanafunzi nao ni jukumu. Mlezi na bibi ni aina za uhusiano. Weka kolamu ya aina, na kolamu ya anaweza_kusaini. Kuhusu ripoti, tengeneza mwonekano mmoja (swali lililohifadhiwa, linalosomeka kama jedwali) unaokusanya vyote. Mwonekano hauhifadhi kitu, kwa hiyo hauwezi kupingana na majedwali.

#18 Utosi
Naomba nishikilie tarehe, maana zimepitwa haraka na ndizo zilizonitesa. Tulikuwa na chama chenye mwenyekiti mmoja kwa mujibu wa katiba yake. Databesi ikawa na wawili kwa wiki tatu, kwa sababu karani alimwingiza mpya bila kumfunga wa zamani. Kila barua ilitoka na jina la yule ambaye databesi iliamua kumtaja kwanza.

Nilidhani nimejilinda. Nilikuwa nimeweka sharti la upekee kwenye wadhifa pamoja na tarehe_mwisho, na aliyeko madarakani tarehe_mwisho yake ni NULL. Lakini kwenye SQL, NULL mbili hazihesabiki kuwa sawa, kwa hiyo wote wawili walipita. Kwa programu ya databesi ya PostgreSQL dawa ya haraka ni faharasa ya upekee juu ya wadhifa, kwa mistari ile tu ambayo tarehe_mwisho ni NULL. Hiyo inazuia wawili wa sasa.

Haizuii tarehe za zamani kupandiana. Kwa hilo kuna aina ya kipindi, iliyoingia toleo la 9.2 mwaka 2012, pamoja na sharti la kukataa vipindi vinavyopandiana kwa wadhifa uleule. Na kipindi kiandikwe hivi: siku ya mwanzo imo, siku ya mwisho haimo. Mmoja akiondoka tarehe 1, mwingine anaanza tarehe 1, na hakuna siku yenye wawili wala siku isiyo na mtu.

#19 Nahodha77
Sisi tunaotumia MySQL je? Huku hata CHECK ya Fundi Kimya haifanyi kazi.

#20 Jicho la Tatu
Inafanya kazi tangu 8.0.16 ya mwaka 2019. Kabla ya hapo ilikubali kuandikwa kisha ikaipuuza bila kukwambia, na hapo ndipo wengi walipoumia. Aina ya kipindi hakuna, itabidi utumie kichochezi cha kukagua kila mstari unapoingia.

#21 Pweza
Nataka kuleta upande ambao hamjaugusa: ruhusa. Watu wengi wanachora jedwali moja la majukumu na kulitumia kwa mambo mawili, mtu ni nani shuleni na mtu anaruhusiwa kubofya nini. David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, waliandika kuhusu ruhusa zinazofuata majukumu mwaka 1992, na mwaka 2004 zikawa kiwango rasmi huko. Humo kuna jambo la kutenganisha kazi: yupo asiyeruhusiwa kabisa kushika majukumu mawili fulani, na yupo anayeruhusiwa kuyashika yote ila asiyatumie kwa wakati mmoja.

Mrudieni yule mama. Anafundisha hisabati. Mtoto wake akiwa darasa lake, aweze kubadilisha alama za mwanawe? Kwa majedwali matatu ya Tandabui mfumo hauwezi hata kuuliza swali hilo, kwa sababu haujui kwamba mwalimu na mzazi ni mtu mmoja. Kwa jedwali moja la mtu, ni mstari mmoja wa kulinganisha: anayeandika alama ana uhusiano na mwanafunzi huyu? Basi alama zisubiri sahihi ya mwalimu mwingine.

#22 Salama Salimini
Mimi niko upande wa kinyume na naomba mnisikilize. Nilifanya kazi kwenye hospitali moja. Mfumo ulikuwa na jedwali moja la mtu, kama mnavyolisifu. Muuguzi mwenzetu akalazwa. Yeyote aliyetafuta jina lake ili ampangie zamu aliona kwenye ukurasa uleule kwamba ni mgonjwa, na wodi gani. Wodi ilitosha kumwambia mtu ugonjwa. Aliporudi kazini alijua kwamba wote wanajua, na baada ya muda aliacha kazi.

Kuna majukumu ambayo mwenyewe anataka yasikutane. Kumkusanya mtu awe mmoja ni uamuzi juu ya maisha yake, na sisi wachora majedwali tunaufanya bila kumuuliza.

#23 Pweza
Pole sana kwa huyo dada. Lakini hilo si kosa la ukurasa kuonyesha zaidi ya inavyopaswa? Jedwali la mtu lingebaki na jina tu, taarifa za ugonjwa zifungwe kwingine.

#24 Salama Salimini
Hata kujua kwamba ana mstari kwenye jedwali la wagonjwa ni taarifa. Ningetenga databesi kabisa, na kiungo kati yake kishikwe na watu wawili au watatu tu.

#25 Mzee wa Seva
Salama, hili nitatembea nalo. Ila kwa shule, yule mtoto anayeugua anahitaji kiungo kiwepo.

#26 Chapakazi
Nimeanza kuhamisha maktaba yangu. Nimeunganisha mtu na mtu_jukumu, nikajumlisha vitabu vilivyoazimwa, jumla ikapanda kuliko vitabu nilivyonavyo! Nimekosea wapi?

#27 Fundi Kimya
Mwenye majukumu matatu anatokea mara tatu, na vitabu vyake vinahesabiwa mara tatu. Jumlisha vitabu kwanza kwa kila mtu, ndipo uunganishe na majukumu. COUNT DISTINCT (kuhesabu kila mmoja mara moja tu) itakuokoa ukihesabu watu. Ukijumlisha kiasi haitakuokoa.

#28 Chapakazi
Imekaa sawa. Shukrani.

#29 Tandabui
Wakuu, sikujua swali langu lina kina hiki. Nimekesha nalo. Nimechukua mahusiano na nyadhifa kutoka kwa Dira, vipindi kutoka kwa Utosi, na swali la alama la Pweza nimempelekea mwalimu mkuu, kasema litajadiliwa na walimu wote. La Salama limenifanya niondoe taarifa za afya za wanafunzi kwenye ukurasa wa jumla usiku huu huu.

Sasa nimekwama kwenye kuunganisha. Nimelinganisha mistari ya walimu, wazazi na wajumbe ili nijue nani ni nani. Kwa simu, mume na mke wanatumia namba moja, mfumo unataka kuwafanya mtu mmoja. Kwa jina, yupo aliyeandikwa kwa jina la ndoa upande mmoja na la ubini upande mwingine. Nina jozi moja: jina moja, simu moja, tarehe za kuzaliwa zinapishana miaka ishirini na sita.

#30 BintiMantiki
Baba na mtoto aliyerithi jina, bila shaka. Usiunganishe kwa mashine palipo na shaka. Tengeneza orodha ya jozi na mtu azithibitishe. Na ukiunganisha usifute id ya zamani. Iache, iwe na kolamu inayoelekeza kwenye id mpya, ili ukikosea uweze kuwatenganisha.

#31 Nahodha77
Au karani kakosea tarehe. Nimeona 1968 na 1994 zikipishana kwa sababu fomu mbili zilibebana.

#32 Dira
Au ni mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani aliyerudi kufundisha, na simu ni ya ofisi. Zote zinawezekana, na hakuna kolamu itakayokwambia.

#33 Tandabui
Kesho asubuhi nitakwenda kuwauliza wenyewe. Kama ni wenyewe wawili.

#34 Chapakazi
Ukirudi, pitia hapa kwanza.